Majina Tuwapayo Watoto Wetu

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wenu anacho, ambacho hakukichagua, na ambacho wengine hukitumia zaidi kuliko mwenyewe. Kitu hicho ni jina.

Sisi tutokao Sumbawanga twajua tangu utoto jinsi jina linavyoweza kumsumbua mtu. Wazee wa Ufipa hulieleza jina la mji wetu hivi: sumba maana yake ni tupa, na wanga ni uchawi. Basi Sumbawanga ni amri: Tupa uchawi. Ni kama mlinzi aliyesimama mlangoni na kumwambia mgeni kwamba, akiwa na uchawi, sharti auache nje. Lakini Mfipa akifika Dodoma, au Mwanza, au Dar es Salaam, na kusema atokako, watu hucheka na kumwuliza kama amekuja kwa motokaa au kwa ungo. Jina lililowekwa ili kuukataa uchawi limegeuzwa kuwa tangazo la uchawi. Kwa sababu gani? Kwa sababu jina limesafiri, na maelezo yake yamebaki nyumbani.

Jambo hilohilo huwapata watoto wetu. Kila asubuhi mwalimu hufungua daftari la mahudhurio na kuita. Akiita Maria au Juma, mtoto huitikia bila kufikiri. Akiita Shida, Tabu, Mateso, Mashaka, Majuto au Sikujua, darasa zima hungoja kidogo, na katika kungoja huko kuna kicheko kinachotafuta njia ya kutoka. Zamani jina la kikabila lilifahamika kijijini tu, na kila mtu kijijini alijua lilivyopatikana. Siku hizi jina huwa la Kiswahili, kila mtu nchini hufahamu maana ya neno, na hakuna ajuaye kisa chake. Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza.

Katika mikutano ya shule, na katika mazungumzo ya jioni na wazazi wa uwanda huu, tumeyasikia maoni mengi juu ya majina ya namna hii. Yakipangwa vizuri, maoni hayo ni matatu.

Wazazi wa kwanza husema: jina ni historia. Alilopewa mtoto amepewa. Kulibadili ni kuwatukana waliolitoa. Wazazi wa pili husema: jina huvuta mambo yake. Mtoto akiitwa Shida, shida zitamfuata kama mbwa amfuatavyo bwana wake. Basi jina baya lifutwe upesi. Wazazi wa tatu husema: jina si kitu. Mtoto na asome, ale, akue. Kicheko cha watoto hakimvunji mtu mfupa. Yatupasa kuyapima maoni haya moja moja, maana kila moja lina ukweli ndani yake, na kila moja lina kasoro.

Na tuanze na wale wasemao kwamba jina huvuta mambo yake. Hao twawakumbusha jina moja ambalo hakuna Mtanzania asiyelijua. Karibu mwaka wa 1860, katika nchi ya Wazanaki upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, alizaliwa mtoto wakati viwavi vilipoyavamia mashamba. Wazee wake wakamwita Nyerere, yaani kiwavi. Hebu fikirini: kumwita mtoto kwa jina la mdudu aliyekula chakula chenu chote! Mtoto huyo alikua, akawa mtemi Nyerere Burito wa Butiama. Tarehe 13 Aprili 1922 naye alipata mwana; kwanza aliitwa Mugendi, maana yake mtembezi, kisha kwa shauri la mganga akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Alipobatizwa mwaka wa 1943 aliongezewa jina la Julius. Huyo ndiye aliyekuwa Rais wa kwanza wa nchi yetu. Watu walisimama na kupiga makofi waliposikia jina la kiwavi, wala hakuna aliyecheka. Basi jina halikuvuta njaa. Mwenye jina ndiye aliyelivuta jina lake mpaka likawa heshima.

Majina kama hayo ni kumbukumbu ya wakati. Watu wasiokuwa na kalenda ya karatasi waliandika kalenda yao juu ya watoto. Wajaluo humwita mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa Okech au Akech, na aliyezaliwa wakati wa nzige Obonyo au Abonyo. Sisi wa Ufipa twaelewa habari ya nzige kuliko wengi, kwa kuwa bonde la Ziwa Rukwa, lililo chini ya macho yetu, ni mojawapo ya mahali wanapozaliana nzige wekundu. Makundi yao yalizisumbua nchi nyingi za Afrika tangu mwaka wa 1930 hata 1944, na mwaka wa 1949 serikali mbalimbali ziliunda idara ya pamoja ya kuwazuia, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao sasa waitwa Mbala, katika Zambia. Mzee aitwaye kwa jina la nzige hamtangazii mtu balaa. Atwambia mwaka wake wa kuzaliwa, na atwambia kwamba mama yake alimnyonyesha na kumlea katika mwaka ambao shamba halikumpa kitu.

Tena yako majina ambayo kazi yake ilikuwa kumkinga mtoto. Mama aliyezika watoto wawili au watatu aliogopa kumpa wa nne jina zuri, kifo kisije kikamsikia na kumtamani. Kwa Wajaluo mtoto wa namna hiyo huitwa Owiti au Awiti, maana yake aliyetupwa. Mtoto huwekwa nje kana kwamba hatakiwi, jirani humwokota na kumrudisha kwa mama yake. Asiyejua atasema, Ni mama gani huyu amwitaye mtoto wake Aliyetupwa? Ajuaye ataona kwamba hapana mtoto aliyetakiwa kuliko huyo. Sababu ya majina hayo ilikuwa ya kweli, na imeanza kupungua. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka wa 2004 na 2005 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Uchunguzi wa mwaka wa 2022 ulionyesha 43. Chanjo, zahanati na maji safi vinaifanya kazi ambayo zamani mama aliikabidhi kwa jina.

Sasa na tuwaendee wazazi wasemao kwamba jina si kitu. Hao tutawajibu kwa kosa letu wenyewe.

Mwanzoni mwa kazi yetu tulifundisha katika shule moja ya kijiji, mahali ambapo uwanda wa Ufipa unakatika na njia huteremka Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Rukwa. Katika darasa la kwanza alikuwamo mvulana ambaye hapa tutamwita Masumbuko. Jina lake la kweli halikuwa hilo. Lilifanana nalo, wala si haki yetu kulitangaza. Wenzake walilifanya mchezo. Ndoo ya maji ikimwagika, au chaki ikivunjika, walipaza sauti pamoja, Masumbuko hayo! Baada ya mwezi mmoja mtoto aliacha kuitikia. Tulipomwita alitazama dirishani. Tukawa twaandika kwamba hayupo, naye ameketi mbele yetu katika dawati la pili.

Hapo ndipo tulipokosa. Tulikuwa vijana, tumetoka chuoni na vyeti vyetu vipya, tukadhani kwamba mwalimu ana amri juu ya kila kilichoandikwa kwa wino. Tulilikata jina lile kwa mstari mmoja, tukaandika juu yake Baraka. Tukamwambia mtoto, Tangu leo wewe ni Baraka. Akaitikia kwa sauti ndogo, nasi tukafurahi.

Siku chache baadaye mama yake alifika saa ya mapumziko, jembe begani, kwa kuwa alitoka shambani moja kwa moja. Tukamwamkia, "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba, mwalimu," akaketi kwenye ngazi. Kisha akauliza, "Mwalimu, huyo Baraka ni mtoto wa nani?"

Hatukuwa na jibu. Akatueleza pasipo kupandisha sauti. Siku zake zilipotimia, walikuwa wakikaa bondeni wakilima mpunga. Uchungu ulimshika usiku, wakati wa masika, na hapana motokaa iliyoweza kuupanda mlima kwa utelezi. Wanawake wanne wa jirani walifunga machela ya miti na blanketi, wakamchukua, wakapanda usiku kucha. Mtoto alizaliwa njiani alfajiri, kabla hawajaiona zahanati. Wale wanawake, miguu yao ikitoka damu kwa mawe, wakacheka na kusema, "Huyu ndiye masumbuko yetu!" Tangu siku ile kila mmoja wao humwita mwanangu, na kila mavuno humletea fungu lake la karanga. "Mmoja wao amekwisha kufa," mama akasema. "Jina hili ndilo alilomwachia mtoto. Nawe umelikata kwa kalamu."

Tulimwomba radhi, tena kwa haya kubwa. Kisha tukamwomba aingie darasani awasimulie watoto. Alikataa, akisema kwamba kusimama mbele ya ubao si kazi yake. Lakini alimwita mwanawe, akamsimulia palepale ngazini, sisi tukisikia. Hapo tukatambua neno ambalo hatukulifikiri: mtoto mwenyewe alikuwa hajaambiwa kamwe. Alilibeba jina miaka saba bila kujua limefungwa nini ndani yake. Jumatatu yake alisimama akawaeleza wenzake habari ya wanawake wanne na mlima. Hatuwezi kusema kwamba kicheko kilikwisha siku ileile. Watoto ni watoto. Ila tulipoita jina lake la zamani, aliitikia, na aliitikia kwa nguvu.

Basi jina si kitu bure. Lilimnyamazisha mtoto mzima wa afya, na lilimfungua kinywa, na lililobadilika katikati ni maelezo tu.

Wazazi wa kwanza, wale wasemao kwamba jina ni historia lisiguswe, watafurahi kusikia kisa hicho. Lakini wangoje kidogo, maana si kila historia yafaa kubebwa na mtoto.

Yako majina ambayo ni barua za ugomvi. Mke amegombana na mke mwenzake, au mume amemshuku mkewe, au ukoo umenyimana shamba. Mtoto azaliwapo hupewa jina ili likiitwa kwa sauti uani, jirani asikie na kuchomeka. Desturi hii ni ya watu wengi. Mwaka wa 1957 mtaalamu Mwingereza, John Beattie, alichapisha katika jarida la Uganda Journal makala juu ya majina ya Wanyoro, akaonyesha kwamba mengi yazungumza juu ya kifo, huzuni, umaskini na chuki ya majirani. Katika nchi zile husikika jina Ndyanabo, yaani nala nao, nao hao ndio wanichukiao. Na Tibamwenda, yaani hawampendi. Msemaji ni mzazi, msikilizaji ni jirani, na mtoto ni karatasi tu iliyoandikiwa.

Wanawake wa pwani wana njia iliyo bora. Mwenye neno na jirani yake hununua kanga yenye maandishi yanayofaa, akaivaa akapita nayo mlangoni pa jirani. Ugomvi ukiisha, kanga huvuliwa, hukunjwa, huwekwa sandukuni. Jina la mtoto halivuliki hivyo.

Miaka michache baada ya Masumbuko tulimpata binti ambaye jina lake, likifasiriwa, lilikuwa neno la baba kuwaambia watu kwamba mtoto si wake. Safari hii hatukugusa wino. Tulifanya kama tulivyofundishwa na yule mama wa jembe: tulimwendea bibi yake tukamwuliza kisa, tukitumaini kwamba kikisimuliwa kitaponya. Bibi akatazama chini, akasema, "Mwalimu, kisa chenyewe ndicho kidonda." Yeye nyumbani alikuwa akimwita mjukuu wake kwa jina la dada yake mwenyewe, aliyefariki zamani.

Binti alipofika darasa la saba, wakati wa kuyapeleka majina kwa ajili ya mtihani, alikuja ofisini peke yake. Akauliza, "Mwalimu, jina litakaloandikwa mwaka huu ndilo nitakalokwenda nalo popote?" Tukamwambia ndivyo. Akasema, "Basi naomba twende kwa baba." Tulikwenda, yeye na bibi yake na sisi. Baba alikuwa akisuka kamba. Alinyamaza kwa muda mrefu, mikono yake ikiendelea na kazi. Mwishowe alisema kwamba hasira yake ilikuwa ya msimu mmoja, na ilikwisha kabla mtoto hajaota meno. Ila jina lilikwisha zoeleka, naye aliona haya kulitaja. Juma lililofuata alikwenda mwenyewe kwa hakimu kula kiapo, na binti akaandikwa kwa jina alilolipenda bibi.

Mambo haya si ya Ufipa peke yake. Katika wilaya ya Satara, nchini India, familia zilizotaka watoto wa kiume ziliwaita binti zao Nakusa, maana yake asiyetakiwa. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2011 wasichana 285 wa wilaya ile walikusanyika mbele ya wakuu wa serikali, kila mmoja akapewa hati yenye jina jipya alilolichagua. Owiti na Nakusa yanakaribiana kwa maana, na moyo uliotoa majina hayo mawili ni mbalimbali kama mchana na usiku. Neno peke yake halitoshi kutuambia kama jina ni jema. Hatuna budi kuuliza nia.

Sasa wako wazazi ambao, kwa kuogopa matata yote hayo, hukimbilia majina ya mbali, wakidhani kwamba jina lisilofahamika halina madhara. Katika Ufipa jambo hili lina historia yake. Mapadre Weupe, shirika lililoundwa na Kardinali Lavigerie huko Algeria mwaka wa 1868, walikabidhiwa ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka wa 1885, na kutoka huko dini ilipanda mpaka uwandani. Kwa hiyo nyumba zetu zimejaa kina Deogratias, Skolastika, Apolinari na Perpetua, na mabibi zetu huyakata majina hayo wawezavyo, Deo na Skola, ili yaingie kinywani. Wazee wengine hunung'unika, wakisema kwamba hayo ni majina ya Ulaya.

Kwa sehemu wamekosea. Perpetua na Felisita waliuawa kwa ajili ya imani mwaka wa 203 katika mji wa Karthago, ulio katika nchi ya Tunisia ya leo. Deogratias, ambalo kwa Kilatini ni ashukuriwe Mungu, lilikuwa jina la askofu wa Karthago katika karne ya 5. Monika na mwanawe Agostino walikuwa wenyeji wa Thagaste, katika nchi ya Algeria ya leo. Majina hayo yalikuwa ya Afrika kabla hayajafika Ufaransa.

Wala Kanisa halikuwaamuru watu kuyatupa majina ya wazee wao. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1917 ilisema kwamba, ikiwa padre hawezi kupata mtoto apewe jina la Kikristo, aliongeze jina la mtakatifu juu ya lile walilochagua wazazi, na yote mawili yaandikwe kitabuni. Sheria ya mwaka wa 1983 inataka tu kwamba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lisilopatana na fikira za Kikristo. Ndivyo Kizito, kijana wa Buganda aliyechomwa moto Namugongo mwaka wa 1886, alivyolitakasa jina la kikwao. Alitangazwa mtakatifu pamoja na wenzake mwaka wa 1964, na sasa padre hubatiza kwa jina la Kizito kama abatizavyo kwa jina la Petro. Na Karema yenyewe ilikuwa na mfano wake: Adrian Atiman, mtoto wa upande wa Timbuktu, aliyekamatwa akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea udaktari Malta, kisha akawatibu watu wa kando ya ziwa letu mpaka alipofariki mwaka wa 1956. Alibatizwa Adrian, lakini jina la kwao, Atiman, hakuliacha. Watumwa wengi walipoteza majina yao pamoja na uhuru wao. Yeye aliyapata yote mawili tena.

Basi jina la mbali likiwa na kisa, na mzazi akikijua, si baya. Hatari yako katika jina lililookotwa kwa sababu tu limelia vizuri katika redio au katika sinema, na katika jina la mzaha. Huko New Zealand, mwaka wa 2008, ilijulikana habari ya msichana wa miaka 9 ambaye wazazi wake walimpa jina ambalo lilikuwa sentensi nzima juu ya kucheza ngoma ya Hawaii. Yeye aliona haya hata akawaficha rafiki zake, akawaambia wamwite kwa herufi moja tu, K. Jaji aliamuru awekwe chini ya ulinzi wa mahakama ili jina libadilishwe. Wazazi walicheka siku moja. Mtoto akajificha miaka tisa.

Sheria nayo ina neno lake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto wa mwaka wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka wa 1991, wasema katika kifungu cha 7 kwamba mtoto ana haki ya kuwa na jina tangu kuzaliwa na kuandikishwa mara moja. Na katika kifungu cha 12, kwamba asikilizwe katika mambo yamhusuyo, kwa kadiri ya umri na akili yake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka wa 2009, kifungu cha 6, nayo yataja haki ya jina. Tazameni vizuri: haki hiyo imeandikwa kuwa ya mtoto. Mzazi ndiye mchaguzi, lakini mali ni ya mtoto.

Kwa ajili hiyo twawashauri wazazi mambo machache. Kwanza, shaurianeni kabla ya kuandikisha. Baba, mama, na wazee wa pande zote mbili wasikilizwe. Karani asikutane na ninyi mkibishana dirishani pake. Pili, jina liandikwe kwa herufi zilezile katika cheti cha kuzaliwa, katika kitabu cha ubatizo na katika daftari la shule. Tumewaona vijana waliofaulu mitihani wakizunguka ofisi hata ofisi kwa sababu herufi moja ya jina lao ilibadilika njiani. Tatu, mtoto akilichukia jina lake, msimpige wala msimcheke, mwulizeni sababu. Nne, ninyi walimu wenzetu, msikate jina la mtoto kwa wino kabla hamjakutana na mama yake.

Juu ya hayo yote, twawapa kipimo kimoja ambacho kila mzazi aweza kukitumia, ajue kusoma asijue. Kabla hujamwita mtoto jina lolote, fikiri siku atakapokuwa na miaka kumi, naye akakujia jioni na kukuuliza, Kwa nini mliniita hivi? Je, utaweza kumketisha karibu nawe na kumsimulia kisa chote, ukimtazama usoni, naye akaondoka ameinua kichwa? Ukiweza, mwite Kiwavi, mwite Masumbuko, mwite Aliyetupwa. Jina hilo ni urithi. Usipoweza, hata likiwa jina tamu kama asali, litafute jingine.

Na wale ambao watoto wao wamekwisha kuwa na majina, wasingoje kuulizwa. Jioni hii, moto ukiwashwa na ugali ukingojewa, mwite mtoto wako umwambie alivyozaliwa, nani alikuwapo, mvua ilikuwaje, na kwa nini mliona vema kumwita hivyo. Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani. Lakini hata taa njema sharti mtu aiwashe.



Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Nani alikupa jina lako, na kwa sababu gani? Kama hujui, nani yu hai awezaye kukuambia?

2. Katika kijiji chenu, ni majina gani yaliyowekwa kwa kukumbuka njaa, mvua, nzige au safari? Yaandikeni pamoja na visa vyake.

3. Mwalimu amepokea mtoto mwenye jina linalochekwa na wenzake. Afanye nini kwanza, na asifanye nini?